Mandolini ya Mzee Shomari Niliyoipasua Kibaha

Tabora, Jumapili mchana

Kaka yangu Pazi,

Shikamoo.

"Ulikosea kwa nia njema, Kondo. Na yeye mwenyewe alinyamaza. Mtu mwenye haki hanyamazi. Tena siku hizi Mzee Ulaya hatengenezi mandolini, analima mihogo tu. Angekuwa fundi wa kweli, angeacha?"

Hayo ni maneno yako, kaka, ya barua yako ya mwisho, ukurasa wa pili. Nimeyanakili kama yalivyo ili usije ukasema nimeyapotosha. Unanijua. Sijawahi kumwacha mtu apite na hoja mbovu, awe mwalimu, awe shehe, awe katibu tarafa. Leo zamu ni yako. Umeleta hoja tatu za kunitetea, na zote tatu ni mbovu, nami nitazipinga zote, kwa sababu mtu unayemtetea hastahili.

Lakini nisisahau adabu. Hujambo, kaka? Goti linaendeleaje na vilima vya Kisarawe? Shemeji Tatu amepona kikohozi? Ile mihogo ya bondeni imenusurika na nguruwe? Mimi huku ni mzima wa mwili. Karakana yetu inatengeneza madawati ya shule, na tangu mvua ziishe tunafanya kazi nusu siku kwa kukosa misumari. Sabuni ni ya foleni. Sukari hata foleni haina, lakini asali ya Tabora ipo, kwa hiyo chai nakunywa ya asali, na nikirudi huko nadhani nitaikataa chai ya shemeji. Msasa wa dukani hatujauona tangu mwaka jana. Tunasugulia mbao kwa majani makavu ya mti wa msasa wenyewe, nayo yanang'arisha vizuri kuliko nilivyodhani. Chakula nakipata. Homa imenipitia mara moja tu. Kama ningekuwa naandika barua ya kawaida, ningeishia hapo na kuanza salamu.

Kaka, wewe ulikuwepo Kibaha siku ile ya maonyesho ya kazi za mikono ya mkoa. Lakini ulikaa nyuma na wenzetu wa kikundi cha taarabu, na mlichokiona ninyi ni mgongo wangu. Nitaeleza toka mwanzo, kama kwa mtu ambaye hakuwepo.

Unakumbuka ni kwa nini nilichaguliwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu. Ni kwa ajili ya magazeti. Zaidi ya miaka kumi nilikuwa nikiyaandikia. Niliandika kwamba ni aibu kuimba Kiswahili chetu kwa vyombo vya kuagiza kwa meli. Niliandika kwamba nchi inayojitegemea kwa jembe na kushindwa kujitegemea kwa mandolini imejitegemea nusu. Mwalimu mmoja wa muziki alinijibu kwamba mandolini ina hesabu zake, na kwamba fundi wa kijijini akijaribu atapata sanduku lenye nyuzi. Nilimjibu mara nne. Nilimwita kasuku. Nilitafuta kila kitabu cha Kiingereza chenye habari za vyombo vya nyuzi, nikakisoma kwa kamusi, ili nimshinde kwa silaha zake mwenyewe. Kisha nikatengeneza mandolini zangu, zile nne mnazotumia mpaka leo. Mlizisifu. Zilikuwa nzuri kiasi. Mimi niliamini kwamba hakuna nzuri kuzishinda kati ya bahari na Morogoro.

Basi hoja yangu ya miaka yote ilikuwa moja: mkono wa mtu wetu unaweza. Siku hoja hiyo ilipothibitishwa, ikawekwa mezani mbele yangu, mimi ndiye niliyeikanusha.

Mzee Shomari alifika akiwa amechelewa. Alikuwa ametembea kutoka Marui hadi Kisarawe, akapanda basi mpaka Dar es Salaam, akapanda jingine la barabara ya Morogoro hadi Kibaha, na mandolini yake ameipakata njia nzima, imeviringishwa kanga ya mkewe. Nilikuwa namjua kama unavyomjua wewe: fundi wa vitanda na fremu za milango, mtu wa makamo ya baba yetu mdogo, mpole, haandiki herufi za Kirumi hata jina lake. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniita fundi. Nilipomwona na kile kifurushi nilijua amekuja na sanduku lenye nyuzi. Nilikwisha kuandaa moyoni maneno ya kumpa moyo.

Akafungua kanga.

Kaka, wewe si fundi, lakini jaribu kuelewa. Nilitafuta kosa kwa macho kabla ya kuishika, nikalikosa. Mbavu zilikuwa za mninga, zimepindwa kwa maji ya moto bila kupasuka hata unyuzi. Uso ulikuwa wa mbao nyeupe, nyepesi, ya mistari myembamba iliyonyooka, ambayo sikuwa nimeiona huku kwetu. Vile vichuma vya shingoni, ambavyo mpigaji anakandamizia nyuzi, alivitengeneza kwa spoki za baiskeli, lakini alivikata na kuvisugua hadi ukipitisha kidole havikukwaruzi. Alikuwa amepaka rangi kwa kitambaa, safu juu ya safu, bila alama ya brashi. Mimi zangu zote nne zina alama za brashi. Mnazijua, mnasema ni mapambo.

Mzee Shomari hajui kupiga. Kwa hiyo nilimwita Sefu, mpigaji wetu, aijaribu. Hilo mliliona. Mlimsikia Sefu akipiga mashairi mawili, na mkasikia uwanja ukinyamaza. Ambacho hamkukisikia ni alichoniambia aliponirudishia, tena alichelewa kunirudishia.

"Usiudhike, fundi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Yako huwa nailazimisha. Hii haitaki kulazimishwa."

Niliinua mandolini juani, nikachungulia kwenye tundu. Ndani, upande wa chini wa ule uso mweupe, nikaona alama nyekundu iliyochapwa: nusu ya bilauri yenye mguu, na pembeni herufi tatu za kigeni. Hapo vitabu vyangu vikanisaidia kuwa mjinga. Nilikuwa nimesoma kwamba viwanda vya Ulaya hubandika nembo ndani ya chombo, mahali panapoonekana kupitia tundu. Fundi ambaye hajasoma angeuliza mbao hii imetoka wapi. Mimi nilikwisha kujibiwa na kitabu.

Mnakumbuka nilichosema, maana nilikisema kwa sauti ya mkutano.

"Mzee Shomari, chombo hiki umekitengeneza wewe?"

"Nimekitengeneza mimi, fundi."

"Na nembo ya kiwanda iliyomo ndani, nayo umeitengeneza wewe?"

Mkacheka. Sikulaumu kicheko chenu, nilikitafuta. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alisema hiyo si nembo, ni ubao tu, na kwamba kipande kingine cha ubao huo kiko nyumbani kwake. Aliniambia, "Karibu Marui nikuonyeshe. Uje siku mbili, uone mwanzo hadi mwisho."

Nikasema Marui ni mbali na ushahidi uko hapa mkononi. Mkapiga makofi.

Zilikuwa siku zile za kusaka walanguzi, kila mtu anachungulia uvungu wa jirani yake. Mwamuzi mwenzangu, yule mwalimu wa kike, alinishika kiwiko akasema tuandike tu kwamba tuna shaka, jambo lichunguzwe taratibu. Nilimgeukia nikamhutubia yeye na uwanja mzima. Nilisema shaka ni kichaka cha walanguzi. Nilisema anayeleta chombo cha Ulaya na kukiita kazi ya mikono yetu anawaibia mafundi wote wa mkoa heshima yao. Nilisema vizuri sana, kaka. Nilikuwa sijawahi kusema vizuri namna ile. Kisha nikatoa kisu changu cha kazi.

Sasa tuje kwenye hoja yako ya kwanza, ya nia njema.

Niliingiza ncha ya kisu pale uso unapokutana na mbavu, nikasukuma. Ikalia mara moja, kidogo, na harufu ikanijia puani. Ilikuwa harufu ya gundi ya ngozi, ile inayochemshwa kwenye sufuria mbovu nje ya nyumba kwa sababu mke hataki inuke ndani. Gundi ya kiwandani hainuki hivyo. Hakuna fundi asiyeijua harufu hiyo. Nilikuwa nimefungua upana wa kidole kimoja tu. Ningeweza kusimama. Gundi kidogo na uzito wa jiwe kwa siku moja, chombo kingepona, nami ningesema, "Mzee, nisamehe." Watu walikuwa wananitazama. Nikaendelea na kisu.

Hilo ni la kwanza. La pili ni baya zaidi, na hili hakuna mtu niliyemwambia mpaka mwezi uliopita.

Uso ulipong'oka niliugeuza. Ile bilauri ikaonekana nzima, na kando yake mwavuli, na mshale unaoelekeza juu. Ni zile alama wanazochapa kwenye makasha ya mizigo, kuwaambia wapagazi kwamba ndani kuna vitu vya kuvunjika na visinyeshewe. Mzee Shomari alikuwa amepata kasha kuukuu la msonobari, lililotumika kuleta chupa za dawa katika zahanati moja, likiwa limetupwa jikoni kuwa kuni. Aliliomba. Alilichana mbao, akaziranda upande wa nje, na upande wa ndani akauacha na alama zake, kwa sababu kila randa inapopita inapunguza ubao, na ubao ulikuwa umefika pale alipotaka. Alijua pa kusimama.

Na pembeni ya mwavuli, kwa penseli, palikuwa na maandishi. Ya Kiarabu, kaka. Yale tuliyofundishwa chuoni mimi na wewe kwa fimbo. Herufi zilikuwa za mtu mzima asiyeandika mara kwa mara, kubwa kubwa, zimekaa sawa. Zilianza na Bismillahi. Zikafuata jina lake na la baba yake, na jina la Marui, na mwezi wa Mfungo Tatu. Chini yake tarakimu, vipimo vya unene wa ubao sehemu mbalimbali, vingine vimefutwa na kuandikwa upya.

Niliyasoma yote. Mtu anapoona maandishi anayoyajua hawezi kuyaona bila kuyasoma. Nikayafunika kwa kiganja, nikauinua ule uso juu, upande wa bilauri, nikasema, "Mnaona wenyewe alama za ng'ambo."

Hiyo ndiyo nia njema yangu.

Hoja yako ya pili ni kwamba alinyamaza. Kwanza hakunyamaza, alikwisha kunijibu, alinikaribisha kwenye benchi lake siku mbili. Fundi hana jibu jingine lililo bora kuliko hilo. Mimi niliyeishi kwa maneno ndiye niliyetaka anijibu kwa maneno. Pili, baada ya pale, alinyamaza kwa sababu alikuwa amesimama karibu yangu, upande wa kushoto, na alikiona kiganja changu kinakotua. Aliinama kuchukua kanga ya mkewe. Akaniambia taratibu, sauti ya mtu anayetaja bei ya kitanda, "Umeiona hati yangu, fundi." Hakuuliza. Akaikunja kanga mara nne, akaenda kituo cha basi.

Niambie wewe, angesema nini tena? Angewaomba ninyi mliokuwa mnapiga makofi mje mmoja mmoja mnusie gundi?

Ya tatu: kwamba ameacha. Kaka, wiki ile ile mgambo walikwenda Marui, si kwa sababu yeye ni mlanguzi bali kwa sababu mwamuzi wa mkoa, msomi anayeandika magazetini, alisema hivyo hadharani. Walimchukua akalala mahabusu wakimuuliza kasha lilitoka wapi. Wale wa zahanati walipothibitisha kwamba lilikuwa kuni, aliachiwa. Lakini randa zake mbili na patasi zilibaki ofisini kwa mgambo kama vielelezo, na ule ubao uliobaki wakaupikia chai. Tangu hapo akipita na gogo la mninga begani, watu wanamuuliza limetoka Ujerumani au Uitaliano. Wamempa jina, Mzee Ulaya. Wewe mwenyewe, kaka yangu, mtu wa swala tano, umeliandika jina hilo kwenye barua yako kwangu kama vile alizaliwa nalo. Anaitwa Shomari. Analima mihogo kwa sababu muhogo hauulizwi ulikotoka.

Mnadhani nilikuja Tabora kwa ajili ya kazi. Kazi ilikuwepo hata Kibaha. Nilikuja kwa sababu kila nilipopita stendi ya Kisarawe watu walinisifu.

Nikafikiri mbali ni mbali. Nikaanza tena mandolini, nje ya saa za karakana, nikiwa na picha ya ule uso uliogeuzwa kichwani. Mzee Shomari alikuwa ameweka ndani vibanzi viwili vya kuukaza ubao. Mimi huviweka sawasawa, kulia na kushoto, kama kitabu kinavyochora. Vyake vilikuwa vimekaa mshazari, kimoja kirefu kimoja kifupi, na siku ile, hata katika ule uchafu niliokuwa naufanya, nilijiambia: hapa amekosea. Huku nikajaribu kwa njia ya kitabu, ikatoka mandolini yenye sauti ya debe. Nikajaribu ya pili. Debe. Ya tatu nikaviweka mshazari kama alivyoviweka yeye, nikakwangua ubao kwa kipande cha chupa upande wa nyuzi nene, kidogo kidogo, nagonga kwa kifundo cha kidole, nasikiliza, nakwangua. Ilipofungwa nyuzi niliipiga mara moja nikaiweka chini, maana niliisikia ile sauti ya Kibaha kwa mbali, kama mtu anayemwiga mwingine. Nilielewa basi kwamba pale nilipoona kosa palikuwa na miaka ya kusikiliza. Yale makadirio ya penseli aliyoyafuta na kuyaandika upya yalikuwa ni hayo. Hakuna kitabu changu hata kimoja kilichonipa hilo, na mwenye kujua alinikaribisha nikajifunze siku mbili, nami nikamwambia ni mbali.

Mandolini hiyo ya tatu aliiona Maganga, msimamizi wa karakana. Ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu, na tangu nifike hajawahi kuniita kwa jina. Naitwa Mzaramo, au Tui la Nazi. Akaishika, akaisifu, akaniuliza nani alinifundisha. Sikuweza kusema ni mimi. Nikamweleza yote, na kiganja pia. Nilitegemea atanituliza.

Akacheka hadi akakaa kwenye dawati. Akasema amesikia Wazaramo wanakula kila kitu lakini hakujua kwamba wanakula na mandolini. Kisha akauliza nimemwomba mzee wa watu radhi lini. Nikamwambia nimeandika barua, haijatumwa tu. Nikamletea. Zilikuwa kurasa sita. Akazisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, nami nikasimama pale kama mwanafunzi.

"Mzaramo," akasema alipomaliza, "hii ni radhi au ni hotuba?"

Nikamwambia ni maelezo kamili.

"Ukurasa wa kwanza unajieleza wewe ni nani. Wa pili unawalaumu waliokuchagua. Wa tatu na wa nne, hali ya uchumi wa dunia. Wa tano, unamfundisha mzee jinsi nembo za viwanda zinavyowekwa. Mwenyewe yuko wapi humu?"

Nikachukua zile kurasa nikatafuta. Jina la Shomari lilikuwamo mara moja, kwenye anwani.

Ndugu yangu wa tumbo moja asingeweza kuniambia hivyo, na wewe hukuniambia, ulinitetea. Mtani ana ruhusa. Nilijaribu kumjibu na, wallahi, hoja zilikuwepo, zilinijaa mdomoni. Maganga akainyooshea kidole ile barua. "Ulimpasulia mbele ya watu," akasema, "sasa unataka kumshonea ndani ya bahasha."

Niliichana pale pale.

Nimeomba likizo nimepewa. Mwezi ujao nitapanda treni. Sitaleta zawadi, wala ile mandolini ya tatu, kwa sababu ni wizi mwingine mpaka aseme si wizi. Gazetini nitaandika pia, lakini nitaanzia Marui. Nikianza na gazeti nitapata watu wa kunisifu kwa ujasiri wa kukiri, na nimekwisha kushiba sifa. Hiyo mandolini aliyoiacha mezani haikupotea. Niliifunga kwa kamba kwa mikono yangu, nikakukabidhi wewe mwenyekiti, nikasema isiguswe, ni ushahidi. Iko kwenye kabati la kikundi chini ya matari, na ufunguo unao wewe. Mwaka mzima mmepiga mazoezi mbele yake. Hamkuifungua kwa sababu mliniamini, na mimi nilitegemea hivyo.

Msalimie sana shemeji Tatu, mwambie namshukuru kwa lile shuka. Msalimie mama mdogo Chausiku aliyetulea, mwambie dawa ya mgongo nimeipata huku kwa Wanyamwezi, nitamletea. Dada yetu Zuhura wa Mlandizi nitamwandikia peke yake, hii asisomewe na watoto, asome mwenyewe. Baba mdogo Mwinshehe mpe shikamoo yangu, umwombe dua. Sefu mpigaji msalimie, na umwambie alichoniambia siku ile kilikuwa kweli, na nilimchukia kwa ajili yake.

Sasa nadai, kaka, kwako na kwa wanakikundi wote waliopiga makofi Kibaha, wakiwemo katika hesabu hiyo shemeji yangu na Sefu. Siku ya mazoezi, kabla chombo chochote hakijapigwa, wasomee barua hii kwa sauti, yote, bila kuruka sehemu inayokuaibisha wewe wala inayoniaibisha mimi. Fungueni kabati. Fungueni kamba. Geuzeni ule uso, na wewe uliyesoma chuoni pamoja nami usome kilichoandikwa kwa penseli, kila mmoja asikie jina la nani limo. Halafu wale mliocheka mwende ofisini kuulizia randa mbili na patasi za mtu, msirudi na ahadi.

Na wewe Pazi, kwa kuwa kwetu mkosaji haendi kupiga hodi mwenyewe, hutanguliwa na mkubwa wake, nenda Marui kabla sijafika. Vaa kanzu. Ipeleke mandolini kwa mwenyewe, umwulize kama kuna siku atakayoniruhusu kukanyaga uwanja wake. Akisema haipo, haipo, usimbembeleze. Usinitetee. Usitaje nia njema. Mwambie, mbele ya mkewe, kwamba Kondo alijua, kisha ukae kimya umsikilize mpaka amalize.

Mdogo wako,
Kondo